Sufuria Moja, Sahani Mbili

Najua wengi mlitegemea mwezi huu niendelee na mambo ya mapenzi na kuachana. Leo naomba tuingie jikoni kidogo. Usiufunge ukurasa, maana mambo ya kuachana nayo yamo humo humo jikoni, kama utakavyoona.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi Machi, mwaka 2024, kwenye kliniki ya watoto hapa Mpanda. Nimekaa kwenye benchi na akina mama wenzangu, kadi mkononi, mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne mapajani. Zamu yetu ilipofika nesi akamtundika kwenye mizani, akasoma kilo 8.9. Akaangalia kadi. Mwezi wa kwanza, kilo 8.9. Mwezi wa pili, kilo 8.9. Zile nukta kwenye kadi zilikuwa zimelala chali, hazipandi wala hazishuki.

"Mama, mtoto hasogei. Anakula nini?"

Nikajibu kwa kujiamini, maana mimi ni msomi bwana, nina shahada yangu ya mawasiliano: "Uji wa lishe, sista. Asubuhi, mchana na jioni. Unga wenyewe nimechanganya vitu tisa."

"Na wewe mwenyewe unakula nini?"

Hapo nikaanza kubabaika. Asubuhi chai na andazi. Mchana nikikumbuka nanunua wali kwa mama lishe, nakula nimesimama. Usiku chai tena, au chipsi mayai za kwenye mfuko.

"Kwani hupiki nyumbani?"

"Kupika napika, sista, lakini si unajua, tuko wawili tu."

Yule dada akaweka kalamu chini, akaniangalia. "Kwani wawili si watu?"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, nikachukua kadi yangu, nikambeba mtoto. Nilipofika nyumbani nikafunga mlango, nikalia.

WAWILI TU

Nikusimulie kidogo. Mpanda ndipo nilipozaliwa, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Wazazi wangu wametangulia mbele ya haki, nimebakiwa na shangazi anayeishi Inyonga. Mwishoni mwa mwaka 2023 ndoa yangu ya Dar ilipovunjika, nilipanda treni na mtoto mgongoni, tukabadilisha Tabora, tukashuka Mpanda. Nikapanga vyumba viwili Makanyagio. Kazi yangu ya kuhariri naifanya popote penye intaneti, kwa hiyo riziki ilikuwepo. Nyumba ilikuwepo. Hata jiko la mkaa na sufuria sita za harusi vilikuwepo.

Lakini nilikuwa sipiki. Siku ile ndiyo nilijiuliza kwa nini, na jibu nililopata halikunifurahisha. Nilipokuwa na mume nilikuwa napika kila siku, tena vizuri. Kumbe nilikuwa nampikia yeye. Alipoondoka, jiko likazimika. Mtoto nikampa uji kwa sababu ndicho "chakula cha mtoto". Mimi nikala chochote kwa sababu sikujiona kuwa mtu wa kupikiwa.

Dada yangu unayesoma hapa, au kaka uliyeachiwa mtoto, naomba ujiulize na wewe swali la yule nesi. Ni mara ngapi umesema "aah, tuko wawili tu" ukafunika sufuria?

NA CHAKULA CHOTE HIKI?

Aibu yangu ilizidi kwa sababu ya mahali penyewe. Huu ni mkoa wa chakula. Mchele wa Mpimbwe unapakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine. Mahindi ukiyaona wakati wa mavuno, magunia yamepangwa hadi barazani. Karanga zipo, maharage yapo, viazi vitamu vipo, ziwa Tanganyika liko upande wa Karema na Ikola, na wafugaji wanaleta maziwa mjini. Sasa mtoto anakondaje hapa?

Kumbe siko peke yangu. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sasa hiyo Rukwa, ghala la mahindi tunalolisifia, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote wakati ule. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 34, na utafiti wa mwaka 2022 ukakuta imeshuka hadi 30. Yaani hata sasa, katika kila watoto kumi, watatu. Ghala kujaa ni jambo moja, sahani ya mtoto kuwa na vitu vinavyotakiwa ni jambo jingine. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado asikue.

Utafiti ule ule wa mwaka 2015-16 ulisema jambo jingine kuhusu Katavi. Kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa wana mimba ya kwanza. Ndio waliokuwa wa kwanza nchini. Ukikaa kwenye benchi la kliniki utawaona, mabinti kabisa, wengi hawana mtu. Hao nao wanapika kwa ajili ya wawili. Tena wao hawana mshahara wa uhariri.

KOPO LA VITU TISA

Tuanze na lile kopo langu la unga, ambalo nililionea fahari sana. Ndani kulikuwa na mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, maharage na mbegu za maboga. Vyote vimesagwa pamoja mashineni. Nilidhani vitu vikiwa vingi ndio afya inazidi.

Nesi akanieleza polepole, na baadaye nilivyosoma nikaona ana haki. Nafaka zote zile ni kundi moja tu. Ukichanganya mahindi, mchele, ulezi na mtama, umechanganya ndugu wa tumbo moja, hujaongeza chochote cha maana. Soya inataka kuchemshwa kwanza kabla ya kukaushwa na kusagwa, na karanga zina mafuta, zikikaa ndani ya unga wiki mbili tatu unaanza kuchacha. Kila kimoja kinaiva kwa wakati wake, kwa hiyo nusu ya uji inakuwa mbichi. Na mtoto akiharisha au akitoka vipele, utajuaje kilichomdhuru ni kipi kati ya tisa?

Halafu kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwenye unga, na kupika hakuiondoi. Karanga ukizinunua nzima unaweza kuchambua, ukatupa zilizosinyaa, zilizooza na zenye ukungu. Zikishasagwa utachambua nini?

Kosa kubwa zaidi lilikuwa wepesi. Uji wangu ulikuwa mwepesi kama chai ili apige vikombe haraka nirudi kwenye kazi. Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo. Mlo wake mmoja ni kama robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima. Ukikijaza maji, umemjaza maji. Baada ya mwaka mmoja, mtoto anatakiwa kula milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, pamoja na ziwa la mama mpaka miaka miwili. Na mlo maana yake ni chakula cha nyumbani, kile kile anachokula mama, kikiwa kimelainishwa.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Ili mtoto ale chakula cha nyumbani, lazima nyumbani kwenyewe kupikwe chakula.

SUFURIA MOJA

Nilifunga sufuria kubwa za harusi kwenye sanduku, nikaenda soko la Buzogwe kununua moja ndogo na karai dogo. Usicheke. Nusu ya uvivu wa kupikia wawili ni vyombo. Ukipima mchele kidogo ndani ya sufuria ya watu kumi unaungua, mkaa unaisha, unakata tamaa.

Kanuni zangu zikawa nne tu, nikazibandika ukutani:

1. Sahani iwe na kitu cha kushibisha (ugali, wali, viazi, ndizi), kitoweo (maharage, dagaa, yai, nyama), mboga ya kijani, tunda, na mafuta kidogo. Kikikosekana kimoja leo, kesho kiwepo.

2. Chakula ni kimoja. Kikiiva natoa cha mtoto kwanza, naponda kwa uma. Ndipo naongeza chumvi yangu na pilipili.

3. Nachovya mkono kwenye sufuria ya wawili, sio ya wageni. Kikombe kimoja cha mchele kinatosha.

4. Nakaa chini na kula naye. Hii ya nne ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu, nitairudia.

Sasa tuingie kwenye mapishi. Vipimo vyote ni vya mtu mzima mmoja na mtoto mmoja wa kuanzia mwaka mmoja.

Asubuhi: uji mzito wa ulezi na karanga
Unga wa ulezi vijiko 5 vya chakula, maji vikombe 2, maziwa nusu kikombe, karanga zilizokaangwa na kutwangwa kijiko 1 na nusu.
Ulezi mzuri unatoka kwa jirani zetu wa Ufipa. Koroga unga kwa maji ya baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga. Acha uchemke dakika 15 mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Tia karanga na maziwa, uchemke tena kidogo. Ukiinua kijiko uji ushike, usidondoke kama maji. Kipande cha papai pembeni. Karanga twanga mwenyewe kidogo kidogo, za siku tatu nne tu. Na usimpe mtoto mdogo karanga nzima, zinapalia.

Mchana: maharage na viazi lishe
Maharage nusu kikombe, kiazi lishe kikubwa 1, kitunguu, nyanya 2, mafuta kijiko 1, fungu moja la matembele.
Loweka maharage usiku, asubuhi mwaga yale maji. Hii inapunguza mkaa na gesi tumboni. Yaweke jikoni wakati unafanya mambo yako mengine. Yakilainika weka kiazi kilichokatwa vipande. Kile cha rangi ya machungwa ndani ndicho chenye vitamini A kwa wingi, lakini hata cheupe kinafaa, ongeza mboga tu. Unga kitunguu na nyanya, changanya, mwisho tia matembele yaliyokatwa, dakika tano yasigeuke meusi. Cha mtoto ponda chote pamoja. Baada ya chakula, chungwa au embe. Tunda lenye uchachu linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, wakati chai ya rangi ukiinywa na chakula inayazuia. Ile chai yangu ya kila mlo, kumbe ilikuwa adui.

Jioni: wali na dagaa wa karanga
Mchele kikombe 1, dagaa wakavu konzi 1, karanga zilizotwangwa vijiko 2, nyanya 2, kitunguu, mafuta kijiko 1, fungu la mchicha.
Hawa ni dagaa wa ziwa Tanganyika, wale ambao nchi nzima wanaitwa dagaa wa Kigoma. Chambua, osha kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke. Kaanga kidogo na kitunguu, weka nyanya, kisha karanga zilizokorogwa kwa maji, acha zichemke taratibu zisishike chini. Mchicha unaingia mwisho. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata na madini ya mifupa. Wa mtoto wasage kwenye kinu wawe unga, nyunyiza juu ya wali uliopondwa.

Kuhusu kiporo: kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa umeme wa jenereta, na wengi wetu hatuna friji. Basi usipike ya siku tatu. Pika ya mchana na jioni, ya jioni ichemke upya mpaka itokote. Alichobakiza mtoto kwenye sahani usimwekee, kile mate yameshaingia. Kula wewe.

ZIWA LILIPOFUNGWA

Nilipoanza kuzoea dagaa, mambo yakabadilika. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, nchi zinazozunguka ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Ni jambo jema kwa ziwa, lakini kwenye genge letu dagaa wakaadimika, na waliopatikana bei ikapaa.

Mwanzo nilichanganyikiwa. Nikataka kurudi kwenye kopo. Jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma, akaniambia, "Mama, kwani kitoweo ni dagaa tu?" Akanionyesha maziwa yake ya mgando ya asubuhi. Akanifundisha kupika mlenda kwa karanga. Yai moja nikawa nalivuruga ndani ya nyanya na mchicha, linatosha wawili kwa ugali. Baadaye mvua zilipoanza uyoga wa porini ukaja barabarani, nikanunua kwa wale wanaoujua tu, maana kwenye uyoga hakuna kubahatisha. Mpaka ziwa linafunguliwa, nilikuwa na mapishi mengi kuliko nilivyokuwa nayo Dar.

NENO MOJA KUHUSU ASALI

Shangazi alikuja kutusalimia na dumu la asali ya Inyonga. Jamani, kama hujaionja asali ya misitu ya huku, hujaonja asali. Nikamwamkia, akaitikia, mkono tayari uko kwenye dumu kumlambisha mjukuu. "Tulilambishwa wote tangu tumezaliwa, mwanangu," akasema.

Mwanangu alikuwa ameshavuka mwaka, nikamwacha alambe. Lakini nikamweleza shangazi kwa adabu, na nakueleza na wewe: mtoto wa chini ya miezi kumi na miwili usimpe asali hata tone. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo mtu mzima havimfanyi kitu, lakini tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo, na vinaweza kumlegeza viungo hadi pumzi. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ya mtoto wa jirani hapo nitampa mama yake." Nikamshukuru.

KUKAA CHINI

Sasa ile kanuni ya nne. Siku za mwanzo nilipika vizuri, nikampondea, nikamkalisha kwenye mkeka na kijiko. Akafunga mdomo. Nikaimba, nikafanya ndege, nikatishia. Wapi! Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama, simu sikioni, sahani yangu juu ya meza imefunikwa.

Jioni moja nilichoka. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikavuta sahani yangu, nikaanza kula bila kumwangalia. Nilikuwa na njaa kweli. Baada ya tonge la tatu nikasikia kidole kidogo kinagusa mkono wangu. Anataka cha kwangu. Nikampa. Akataka tena. Sahani yake ipo pale pale, chakula ni kile kile, lakini alikuwa anasubiri kumwona mtu akila.

Nilikaa nikafikiri sana usiku ule. Miezi mitatu mtoto amekaa na mama asiyekula. Angejifunza kwa nani?

Mwezi Juni tulirudi kliniki. Mizani ikasoma kilo 9.7. Nesi hakusema mengi, akaweka nukta, akaiunganisha na zile zilizolala, mstari ukapanda. Akanigeuzia kadi nione. "Na mama je, umekula leo?" Nikamjibu, "Nimekula, sista. Tumekula wote."

Leo yule bwana mdogo anakimbia uwanja mzima, na kazi yake nyumbani ni kuchambua maharage. Mawe anayaweka upande wake, anayahesabu, anadai ni ng'ombe zake. Jiko letu ni lile lile la mkaa, sufuria ni ile ile ndogo.

Kwa hiyo wewe unayelea peke yako, iwe umeachwa, umeacha, umefiwa au hukuwahi kuwa na mtu: leo jioni osha sufuria ndogo. Pima kikombe kimoja cha mchele. Kisha kaa chini na mwanao, kula na wewe. Mkiwa wawili, hiyo ni familia, nayo inapikiwa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Huko nitawarudisha kwenye mapenzi, mkiwa mmeshiba.